Baba mkwe anafunga duka, na mimi nimeshachukua hela za watu

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Lushoto, baba Msambaa na mama Mzigua wa Handeni. Huu ni mwaka wa sita niko Marekani, jimbo la Maine, nimeolewa kwenye familia ya wakulima. Shamba ni moja, nyumba ni mbili: ya wazee kule juu, ya kwetu huku chini karibu na barabara. Katikati kuna banda kubwa la mbao, na hilo ndilo duka.

Duka linafunguliwa mwezi wa tano. Juni ni stroberi, Agosti ni mahindi matamu na nyanya, Septemba tufaha, Oktoba maboga na juisi ya tufaha. Halafu Jumapili inayotangulia sikukuu yao ya Shukrani, ile ya Novemba, baba mkwe anapanda ngazi, anashusha kibao, anamwaga maji yote yaliyo kwenye mabomba, anazima umeme na kuning'iniza ufunguo kwenye msumari jikoni kwa mama mkwe. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa tano hakuna anayetaja neno duka. Ana miaka 74, na siku hiyo kila mwaka huwa anakaa juu ya kreti na kuandika kwenye daftari kama la mtoto wa shule. Sijawahi kuonyeshwa limeandikwa nini.

Bi Mkubwa, mimi nimekulia dukani. Baba yangu alikuwa na duka pale Soni. Kwetu duka likifungwa mchana watu wanauliza nani kafa. Hata siku tuliyomzika bibi, ubao mmoja wa mlango uliachwa wazi ili mwenye kutaka chumvi apate chumvi. Miaka yote mitano nimekuwa nikiona lile duka likifungwa na moyo unaniuma kama nafungiwa mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilimwomba mzee kipande cha ardhi nyuma ya banda. Akanipa bila maneno. Nikapanda mnavu, mchicha, nyanya chungu, na maboga kwa ajili ya majani. Watu wa pale walicheka kidogo kuona mtu anachuma majani ya boga na kuliacha boga. Lakini habari zilifika Lewiston, mji ambao si mbali na sisi na una watu wengi kutoka Somalia, Kongo na kwingineko. Jumamosi magari yakaanza kuja. Siku moja nikasikia mama mtu mzima anamwita mjukuu wake kwa Kizigua, nikaangusha kapu. Kumbe ni hawa wanaoitwa Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walitolewa kwetu Tanga zaidi ya miaka mia iliyopita wakapelekwa huko, na lugha wameishika mpaka leo. Tulilia sote wawili katikati ya maboga na viazi. Tangu hapo ananiita mwanangu.

Sasa tatizo langu. Mwezi wa tisa kina mama hawa waliniuliza, baridi ikija tutakula nini? Nikajikuta nimesema nitawawekea. Wanawake 14 wakanipa dola 40 kila mmoja, jumla 560, ili kila mwezi kuanzia Desemba mpaka Machi kila mtu apate mfuko mmoja wa mboga za kienyeji zilizogandishwa. Nikanunua friza la mtumba kwa dola 310, mifuko na masanduku kwa dola 60. Friza nikaliweka mle dukani kwa sababu nyumbani kwetu limegoma kupita mlangoni. Usiku wa tarehe 2 mwezi huu ikaanguka jalidi. Asubuhi mnavu, mchicha, maboga, vyote vimekuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Nilikuwa nimeshagandisha mifuko 23 tu.

Jioni yake, tukiwa mezani kwa wazee, nikasema kwa nini tusiache duka wazi hata Jumamosi tu wakati wa baridi. Mzee akajibu, "Tunafunga," akaendelea kula. Mume wangu akaangalia sahani yake. Mama mkwe akainuka kwenda kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Wiki iliyofuata likanipata kubwa zaidi. Nilikuwa na maboga yangu ya kuhifadhi, yale ya rangi ya maziwa yenye shingo ndefu, kreti 9. Niliyapanga vizuri kwenye chumba cha baridi kando ya tufaha na karoti zake. Kesho yake asubuhi nakuta nafasi ni tupu. Nikatafuta shamba zima. Nikayakuta juu nyumbani kwake, kwenye chumba cha wageni, yamepangwa moja moja juu ya magazeti. Hakuniambia neno, wala hajaniambia mpaka leo. Nimeelewa kwamba chumba cha baridi si changu, na labda hapa pote si pangu.

Mume wangu anajua nusu ya habari za hela. Ananiambia ningoje, baba yake atabadilika. Mwaka jana nilitazama maboga yaliyobaki baada ya ile sherehe yao ya tarehe 31 Oktoba yakimwagiwa ng'ombe, pikapu nzima, mimi nikiwa na wateja wanaonililia chakula. Nimechoka kungoja. Nafikiria nitafute kijiduka changu Lewiston nihamie huko na friza langu. Nifanyeje?

Mke wa Mkulima, Maine

*

Marahaba mwanangu, na poleni na baridi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kulikoni, na nitakueleza kilichonichekesha. Nimewahi kukaa majira manne ya baridi kwa binti yangu huko New Hampshire, jirani zako, na jirani yake alikuwa na shamba la tufaha. Kwa hiyo sikujibu kwa kubahatisha.

Nianze na maboga. Umeyaweka kwenye chumba cha tufaha na karoti. Chumba hicho huwa karibu na nyuzi sifuri, kibichi, kina unyevu, maana ndivyo karoti na tufaha zinavyotaka. Boga la kuhifadhi halitaki hivyo hata kidogo. Linataka pakavu, penye hewa, nyuzi 10 hadi 13 hivi. Chini ya hapo linaumia kwa ndani. Huoni kitu wiki ya kwanza, ukija kulitoa lina madoa, kisha linaoza kama tango. Na tufaha zenyewe zinapumua gesi inayoivisha na kuharibu majirani. Karoti zikikaa nazo muda mrefu zinakuwa chungu. Angeyaacha pale, mwezi wa kwanza ungekuwa unatoa uji.

Sasa tazama alichofanya. Mzee wa miaka 74 amebeba kreti 9, akapanda nazo ngazi, akafungua chumba cha wageni, akatandika magazeti, akayapanga moja moja yasigusane. Yasigusane! Mtu anayekufukuza hatandiki. Wewe umeona umetolewa kwenye chumba cha baridi, mimi naona maboga yako yamepewa chumba cha mgeni ndani ya nyumba yake, mahali ambapo hata tufaha zake hazilali. Ndicho kilichonichekesha.

Angekwambia? Angekwambia, ndiyo. Mdomo anao. Sikatai kwamba alikosea kunyamaza, na mwanamke aliyetoka mbali, kila ukimya kwake ni mlango unaofungwa. Lakini hata wewe umeyakuta huko juu na hukuuliza. Mmekaa wiki nzima, kila mtu na ukimya wake, na maboga katikati. Kesho ukienda kwake mwambie asante kwa maboga. Sentensi hiyo moja tu. Usiongeze neno la duka.

Tuje kwenye hela, maana ndizo zinazokunyima usingizi, duka umelitanguliza tu kama pazia. Tufanye hesabu pamoja. Wanawake 14, miezi 4, unadaiwa mifuko 56. Kwa dola 560 ina maana kila mfuko ni dola 10. Una mifuko 23, umepungukiwa 33, yaani dola 330. Mkononi umebaki na 190. Pengo lako ni dola 140. Mwanangu, dola 140 si kaburi. Kwa jinsi ulivyoandika nilidhani umeuza ng'ombe wa mtu.

Ila kuna jambo hukuliuliza, na nisipokwambia nitakuwa nimekudanganya. Kuuza mnavu mbichi uliouchuma asubuhi ni kitu kimoja. Kuchemsha, kufungasha na kugandisha ni usindikaji, na kwa sheria ni kitu kingine. Maine wana mambo yao hapo. Mwaka 2017 walipitisha sheria inayoruhusu kila mji kuweka utaratibu wake kuhusu chakula ambacho mkulima anamuuzia mlaji ana kwa ana, na mwaka 2021 wapiga kura waliingiza haki ya chakula kwenye katiba ya jimbo. Lakini mji mmoja umeweka utaratibu huo, jirani yake hakuweka. Kabla hujamkabidhi mtu hata mfuko mmoja, nenda ofisi ya mji wenu uulize, na upige simu idara ya kilimo ya jimbo uulize kama unahitaji leseni ya kusindika. Wakisema huruhusiwi, hiyo mifuko 23 itakuwa mboga yenu wenyewe, na dola 560 zinarudi zote kwa wenyewe, hata kama ni kwa kuliuza hilo friza. Dawa ya deni unaijua.

Wakisema unaruhusiwa, bado usiwafiche wale kina mama. Waite, au nenda Lewiston kwa huyo mama anayekuita mwanangu, waambie jalidi imeniwahi. Watu waliolima maisha yao yote huhitaji kuwaelezea sana jalidi. Kwao, kando ya mto Juba kule Somalia, ilikuwa mafuriko na ukame, ni yaleyale. Kila mmoja apate mfuko wake wa Desemba, hiyo ni 14. Inabaki 9. Kwa miezi iliyobaki wape hiari: anayetaka hela zake arudishiwe, anayetaka apewe kwa thamani ileile maboga, viazi, vitunguu, karoti, kabichi. Mboga nzima ambayo haijachemshwa haina maswali mengi. Umekaa juu ya kreti 9 za maboga unalia huna cha kuwapa! Nimewahi kuona wanawake wa Kibantu wa Somalia wakichagua boga. Hawachagui kwa haraka.

Friza litoke dukani kabla ya umeme kuzimwa. Limegoma mlangoni, basi utoeni mlango kwenye bawaba zake. Hilo mumeo ataliweza, na itakuwa nafasi nzuri ya kumweleza nusu nyingine ya habari, kwa tarakimu, siyo kwa machozi. Mwambie leo. Akija kusikia kwa mteja kwamba mkewe alichukua fedha kwa jina la duka la baba yake, hutakuwa na pa kuanzia.

Nimeandika makusudi "kwa jina la duka la baba yake". Ulipochukua zile dola 40 hukuwa mtu binafsi. Walikupa kwa sababu ya banda lile, kibao kile, na miaka ambayo mzee amekuwa akifungua mwezi wa tano bila kukosa. Uaminifu ulioutumia ni wake, na hukumwomba. Hapo, mwanangu, kosa ni lako, na inabidi ulitaje mbele yake kabla hujaomba chochote.

Sasa hilo la duka kufungwa. Nakuelewa unaposema kwenu duka halifungwi. Lakini baba yako pale Soni alikuwa anauza sukari, mafuta ya taa na sabuni, vitu ambavyo havijui msimu. Umesahau kina mama wanaouza plamu kando ya barabara ya kwenda Mombo? Desemba na Januari wamejaa, ndoo kwa ndoo, wanakimbilia madirisha ya mabasi. Machi ukipita hapo hakuna mtu. Hakuna anayeuliza nani kafa, watu wanajua plamu zimekwisha. Na mvuvi wa dagaa, mwezi ukiwa mpevu, taa yake haina kazi, basi anavuta mtumbwi pwani na kushona nyavu. Baba mkwe wako anashona nyavu.

Huko kwenu jua lenyewe linafunga duka. Kuanzia mwanzo wa Novemba mpaka mwanzo wa Februari urefu wa mchana wa Maine hauzidi saa 10, na wakulima wa pale wanazihesabu sana hizo saa 10, kwa sababu chini yake mboga iliyo hai haifi lakini haiongezeki. Inasimama tu, hata ndani ya nyumba ya nailoni. Wanaovuna spinachi Januari walipanda katikati ya Septemba ili ifike ukubwa kabla ya giza. Mwaka huu mmeshachelewa. Saa kumi na nusu jioni huoni njia. Banda la mbao lile, kulipasha joto ni gesi usiku kucha. Ukiacha maji kwenye bomba, yakiganda bomba linapasuka. Theluji ikianguka Jumamosi lazima mtu aamke alfajiri kuikwangua ili gari la mteja liingie, na mteja akiteleza na kuvunjika kiuno ni kesi ya bima. Yote hayo ili uuze nini? Utaishia kununua ndizi za jumla kutoka mjini, na hapo mtakuwa mnashindana na maduka makubwa kwa mali yaleyale. Watu wanakuja kwenu kwa sababu kilichopo kimetoka hapo nyuma.

Halafu kuna kazi ambazo mteja hazioni. Kitunguu swaumu kinapandwa Oktoba na kufunikwa majani makavu, kije kuvunwa Julai. Mitufaha inapogolewa theluji ikiwa chini. Mbegu zinaagizwa Januari. Hesabu za kodi wakulima wengi wa huko hupenda kuzifunga kabla ya tarehe 1 Machi. Mzee anapofunga duka halali usingizi, niamini.

Hata hivyo sikuungi mkono kumwachia yote. Ana chumba cha baridi, maana yake ana tufaha, karoti na viazi vya kuuza baada ya Novemba, na sidhani anavila vyote. Kwa hiyo usiombe duka liwe wazi. Omba kitu kidogo kuliko hicho: Jumamosi moja kila mwezi, Desemba mpaka Machi, wewe na mumeo mpakie kwenye gari oda zilizokwisha kuitishwa na kuzipeleka Lewiston. Hakuna mlango wa kufungua, hakuna gesi, hakuna theluji zaidi ya ile mnayoikwangua kila siku. Vilivyomo ni vyake na vyako, na hela yake anapata siku hiyohiyo. Hilo ni rahisi kukubalika na mtu aliyechoka, na mzee wako amechoka hata kama ana nguvu za kubeba maboga.

Namna ya kuomba. Siyo mezani tena. Mtu akiombwa jambo mbele ya mkewe, mwanawe na chakula chake, jibu linalomtoka kwanza ni hapana, na likishatoka halirudi. Jumapili ya kufunga nenda naye tangu asubuhi. Shika ngazi. Shusha kibao naye. Akiketi kwenye kreti na daftari lake, keti na wewe kreti ya pili, na umuulize anaandika nini. Usiombe kitu siku hiyo. Nadhani utakuta humo nyanya ziliisha lini, jalidi ya kwanza ilikuwa tarehe ngapi, wiki ya mwisho aliuza kiasi gani. Wakulima wazee wanaandika hali ya hewa kama wengine wanavyoandika majina ya watoto. Tazama kama tarehe 2 ya mwezi huu ipo.

Wewe nawe uwe na daftari lako. Andika tangu sasa: Jumamosi ngapi, magari mangapi kutoka Lewiston, walinunua mnavu wa kiasi gani, na pamoja na mnavu walibeba viazi na tufaha zake za kiasi gani. Hiyo safu ya mwisho ndiyo itakayozungumza. Siku tatu nne baada ya kufunga, mpelekee. Kwanza ungama zile 560 na useme umezimalizaje. Kisha ndipo uombe Jumamosi zako nne.

Na huo mtindo wako wa kukusanya hela mapema usiutupe, kwa sababu haukuwa wa kijinga, ulikosea majira tu. Huko kwenu upo tangu mwaka 1986, ulianza kwenye mashamba mawili, moja la Massachusetts na jingine la New Hampshire, na sasa umeenea nchi nzima: walaji wanamlipa mkulima wakati wa baridi, yeye ananunua mbegu na kulipa vibarua, wao wanakuja kuchukua kapu kila wiki kuanzia Juni. Ni upatu ambao mwenye kupokea kwanza ni udongo. Wewe ulichukua hela msimu ukiwa unaisha, kwa mboga ambayo ilikuwa imebakiza usiku mmoja. Februari hii kaa na wale 14, uwaulize wangapi wako tayari kulipia kapu la kiangazi, na safari hii mzee awe amejua tangu mwanzo. Ukimpelekea majina 14 yaliyolipa kabla theluji haijayeyuka, nyuma ya banda atakupa zaidi ya kipande.

Kijiduka cha Lewiston kwa sasa hapana. Siyo kwa sababu huwezi. Kodi ya pango inalipwa Januari na Februari kama miezi mingine, wewe Januari huna hata jani, na mtaji wako wa sasa ni deni la dola 140. Tuulizane tena baada ya misimu miwili.

Kuhusu ng'ombe, nisamehe, sioni dhambi. Yale maboga makubwa ya kuchonga sura ni maji matupu na nyuzi, hayana utamu, na ng'ombe anayafurahia. Kama kuna mazuri yamebaki, yachague kabla pikapu haijaja. Hakuna atakayekuzuia.

Halafu mama mkwe. Mtu anayeinuka kutafuta chumvi iliyo mbele yake anajua jambo, na ameamua asilisemee mezani. Nenda jikoni kwake siku ambayo wanaume wako shambani, uwe na kisu chako, umsaidie kumenya tufaha. Ufunguo wa duka unaning'inia jikoni kwake, siyo kwa mzee, umeandika mwenyewe.

Na yale maboga ya chumba cha wageni, kila Jumatatu panda juu uyaangalie moja moja. Likianza kulainika karibu na kikonyo usilihurumie, lishushe siku hiyohiyo. La kwanza litakaloshuka lipike kwa nazi, chumvi kidogo, iliki ukipenda, liive mpaka tui lishike, na mpelekee mzee bakuli likiwa la moto. Umwambie limetoka chumba chake cha juu.